Breki za Papa Zakaria

Gari la Aristide liliingia uani kwa Papa Zakaria polepole kuliko baiskeli, na bado halikusimama pale lilipotakiwa kusimama. Lilipita gogo la kukalia wateja, likapita beseni la maji machafu, likaenda kuegemea rundo la matairi chakavu na kutulia hapo. Aristide akashuka bila kufunga mlango. Alikuwa mtu wa Wagenia, wa wale waliozaliwa kando ya maporomoko na kupanda miti ya mitego ya samaki kabla hawajajua kutembea vizuri, na watu wa namna hiyo hawaogopi ovyo. Siku hiyo aliogopa, na hakuona haya kusema.

"Nyota, ndeko, hii gari haishike frein. Nakanyaga, nakanyaga, yenyewe inateleza tu. Na plaquettes ni ya mupya. Papa mwenyewe aliiweka, semaine ilipita."

Nyota, binti wa Papa Zakaria, alikuwa amerudi hatua mbili kulipisha gari. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi uani. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kama ilivyo desturi katika nyumba za Waislamu wa Kabondo, aliwekwa ndani siku arobaini: uji wa moto, maji ya moto, kitenge kimekazwa tumboni, na mama yake Khadija mlangoni akilinda kuliko askari wa benki. Kushika spana hakuruhusiwi. Hata kuuliza gari la nani limeingia hakuruhusiwi, kwa sababu eti fikira za magari hukausha maziwa. Nyota alivumilia, maana mama ni mama. Siku ya arobaini na moja alimwachia bibi mtoto, akavaa ovaroli lake la zamani ambalo sasa liligoma kufungika tumboni, akatoka. Furaha ya kunusa petroli ilikuwa haijamwisha puani wakati Aristide alipoingia.

"Papa ameenda musikitini," alisema. "Fungua capot, nitaangalia."

"Utaangalia frein?"

Aristide hakuuliza kwa dharau. Wageni ndio waliokuwa wakimuuliza Nyota fundi yuko wapi huku wakimtazama usoni. Wenyeji walijua kwamba injini yoyote iliyomshinda Nyota ni ya kupeleka kwa wauza vyuma. Lakini wenyeji hao hao walijua pia sheria ya karakana ile, nayo ilikuwa moja tu: breki haiguswi na mkono wowote isipokuwa wa Papa Zakaria.

Zamani mzee alikuwa na wanafunzi wanne. Mmoja wao, siku moja, alifunga breki huku akipiga soga, akasahau kukaza bolti. Gari lilifika mpaka mteremko wa daraja la Tshopo likiwa na watu watano ndani yake, na watatu kati yao walizikwa kesho yake. Papa Zakaria alikwenda matanga yote matatu, akakaa chini mkekani, akasema mbele ya wafiwa kwamba kosa ni lake. Aliporudi aliwaachisha kazi wanafunzi wote wanne. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba toka siku hiyo breki itakayotoka uani kwake itakuwa imepita mikononi mwake peke yake, toka kufungua gurudumu mpaka nati ya mwisho. "Moteur ikikataa, mutu atatembea na miguu," alizoea kusema. "Frein ikikataa, batu banalia."

Miaka ishirini ilipita na kiapo hakikuvunjwa. Madereva walitoka Simi-Simi, wengine walivuka mto kutoka Lubunga, kwa ajili ya breki tu; mengine yote walitengenezea huko huko kwao. Nyota alifundishwa injini, klachi, giaboksi, springi na kila kinachopiga kelele chini ya gari. Breki alizijua kwa macho, kwa kuwa toka ana miaka kumi yeye ndiye aliyemshikia baba tochi. Kuzigusa hakuwahi, na hakuwahi kuona kinyongo. Kiapo kile alikipenda. Kilimfanya baba yake aonekane mkubwa kuliko wanaume wengine wa mtaa, na binti gani hapendi hilo?

Hata hivyo kuna uchunguzi usiohitaji kufungua gurudumu, na huo haukukatazwa. Nyota alitazama kwanza kichupa cha mafuta ya breki: kimejaa, na mafuta masafi. Akalala chali chini ya gari akakagua kila gurudumu kwa upande wa ndani: hakuna palipovuja. Akaketi kwenye usukani, akakanyaga pedali. Hewa ikiingia kwenye mabomba, pedali huwa laini na kuzama. Hii ilisimama juu, ngumu, inavyotakiwa. Akazima injini, akakanyaga mara nne tano, akauacha mguu pale pale, akawasha. Pedali ikashuka kidogo chini ya mguu wake, maana yake servo, ile ngoma nyeusi inayomsaidia dereva kukanyaga, ilikuwa nzima. Akabaki ameketi, mikono magotini. Kila kitu kilikuwa kizima na gari halisimami.

"Iko nini?" Aristide aliuliza dirishani.

"Nguvu inafika mpaka kwa roue. Pale njo inapotea. Donc tabu iko pale plaquette inakutana na disque," Nyota alisema, akimwonyesha gurudumu la mbele kwa kidole.

"Bon. Fungua basi."

"Si mimi."

Papa Zakaria alirudi akiwa bado na kofia yake ya ibada. Alikuwa na miaka sitini na minane, mwembamba, msafi kuliko fundi yeyote anavyopaswa kuwa. Watu walisema gari humchafua kwa ruhusa yake tu. Alimsalimia Aristide vizuri, akauliza habari za maji na za samaki, kisha akasikiliza malalamiko yote bila kumkata kauli.

"Fiston," alisema, "plaquette ya mupya na disque ya zamani ni bibi-arusi na mama-mukwe. Bakae pamoja kidogo. Batazoeana."

Aristide akacheka, Nyota akacheka. Tena ilikuwa kweli: plakete mpya, vile vibao viwili vinavyoibana diski ya gurudumu, huhitaji siku kadhaa za kusuguana nayo kabla hazijashika sawasawa. Lakini Nyota alijua kwamba juma zima la kubeba abiria katika mji huu linatosha kumzoeza bibi-arusi yeyote. Nani alikuwa yeye, aliyetoka kitandani jana, kumfundisha Papa Zakaria breki? Aristide akaondoka ametulia, na Nyota akajiambia kwamba naye ametulia.

Siku ya tatu Aristide alirudi kwa gia ya kwanza, na majani ya pondu, yale ya muhogo, yamenasa kwenye bampa. Alikuwa akitoka upande wa Masako na wakulima watatu wanawake, amepakia mihogo mpaka kwenye mapaja yao. Kwenye mteremko wa daraja la Tshopo kulikuwa na toleka mbele yake, baiskeli ya kubebea watu na mizigo, na mwenyewe amefunga furushi la pondu nyuma. Aristide alikanyaga kwa miguu miwili. Akavuta na breki ya mkono. Gari likaendelea, bila haraka, likamgonga mwenye toleka gurudumu la nyuma na kumlaza kando ya barabara.

"Goti tu njo liliumia," alisema. "Angeanguka upande mwingine, Papa, angeenda na maji. Ilibakia kidogo. Wale bamama balishuka, bakakataa kupanda tena. Balitembea."

Papa Zakaria hakutania tena. Kusikia jina la daraja lile kulimzeesha mbele ya macho yao. Alivua kofia, akaiweka juu ya gogo, akakunja mikono ya shati.

"Leta cric. Nyota, tochi."

Gari likainuliwa, gurudumu la mbele la kushoto likatoka. Nyota alichuchumaa mahali pake pa siku zote, nyuma kidogo ya bega la baba, na kwa muda mfupi alijisikia salama, kwa sababu mikono ile ilikuwa ile ile. Haikutafuta kitu. Ilifungua bolti, ikatoa kile chuma kinachoshika plakete, ikachomoa plakete ya ndani na ya nje na kuziweka juu ya kitambaa, pole pole, kwa utaratibu wa mtu anayemmenyea mtoto chungwa.

Kisha Nyota akazimulika. Uso wa plakete hutakiwa uwe mkavu na wa kijivu, wenye kukwaruza kidole. Hizi zilikuwa nyeusi, zinang'aa. Diski nayo iling'aa. Akainama, akanusa: grisi.

Akaanza kutafuta wa kumlaumu. Akamulika mpira wa ekseli, labda umepasuka na kutema grisi yake. Ulikuwa mzima na mkavu. Akawawaza vijana wanaoosha magari mtoni, ambao humpulizia kila mteja oili chafu chini ya gari ili matope yasishike. Akamwaza muuza vipuri wa sokoni. Alitamani sana mkosaji awe mmoja wao, yeyote, hata Aristide mwenyewe.

"Imechafuka," Papa Zakaria alisema, bila kushangaa. Akaifuta diski kwa kitambaa, akafungua boksi la plakete mpya, akachota grisi kwa kidole gumba. "Mulika vizuri. Plaquette iko na mugongo na iko na uso. Mugongo unasukumwa na piston. Pale tunapakaa graisse kidogo, nyembamba, ili isilie. Uso unakutana na disque. Pale hata tone moja hapana. Graisse kwenye uso ni kuua mutu."

Aliyasema hayo kwa sauti yake ya kufundishia, tulivu, ambayo Nyota aliisikia tangu utoto, na neno moja halikukosewa. Na wakati akisema, kidole gumba chake kilikuwa kikipaka grisi usoni mwa plakete. Alipaka kwa uangalifu, mpaka pembeni, mpaka kwenye ule mfereji wa katikati, hata pasibaki mahali pakavu.

Nyota alidhani ni mtihani. Alisubiri baba ageuke na kucheka, aseme, ulikuwa unalala? Papa Zakaria aliiweka plakete ya kwanza chini, akachukua ya pili, akachota grisi nyingine.

"Papa," alisema kwa sauti ndogo. "Ule ni uso."

"Njo vile." Mzee alifurahi kwamba mwanafunzi anasikiliza. "Uso. Pale hapana graisse." Na akamalizia pembe iliyobaki.

Kama mzee angekosea maneno na mikono kwa pamoja, Nyota angemwambia. Kama angekuwa amechoka, au ana homa, angemwambia. Lakini mbele yake palikuwa na watu wawili ndani ya shati moja: mmoja anajua kila kitu, na mwingine anafanya kazi. Hawaonani. Na Aristide alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yao, akichambua majani ya pondu kwenye bampa, masikio wazi. Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Lakini mzee aliyevuliwa na hajui kwamba yu uchi, nani atamwambia achutame, tena mbele ya mteja? Nyota hakuweza. Kitu pekee alichoweza kukifanya ni kile alichofundishwa: alishika tochi vizuri. Alimmulikia baba yake gurudumu la kushoto, halafu akamfuata upande wa kulia akammulikia na la pili. Aibu ya jambo hilo haijamtoka mpaka leo.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyomwokoa. Papa Zakaria hakuwahi kuichelewesha swala kwa sababu ya gari. "Nikirudi tutafanya essai kwa barabara," alisema, akanawa, akaenda. Aristide naye akatoka kwenda kununua mikate ya kukaanga kwa mama wa kona.

Nyota alibaki peke yake na kiapo cha miaka ishirini. Hakukaa kukitazama. Akavuta jeki, akafungua magurudumu yote mawili. Alijua kwamba plakete ikishakunywa grisi haifai tena, hata uisugue namna gani, kwa hiyo akaenda kwenye kabati la vipuri kutafuta nyingine. Boksi moja la gari lile lilikuwa bado lipo. Na chini yake, yamepangwa vizuri, aliyakuta maboksi matupu.

Ilikuwa kawaida ya Papa Zakaria. Boksi la plakete alizozifunga hakulitupa mpaka mwezi na zaidi upite bila mteja kurudi na lawama. Ndipo alipolichoma chini ya birika la chai. Nyota aliyatoa, akayapanga sakafuni. Ukiacha lile lililofunguliwa mchana huo, yalikuwa tisa. Mwezi mmoja na siku kumi aliokuwa ndani akinywa uji, baba yake alikuwa amefunga breki za magari tisa, peke yake, bila mtu wa kumshikia tochi. Moja ni hili la Aristide. Na yale manane? Juu ya maboksi palikuwa na picha ya plakete na namba za kiwandani. Jina la mtu halikuwepo, maana Papa Zakaria hakuwahi kuandika kitu. Kichwa chake ndicho kilichokuwa daftari, na kilikuwa daftari zuri.

Hapo ndipo huzuni yake ilipogeuka hofu. Pengine mikono ile ilianza kupotea juma lililopita tu, na manane yote ni mazima. Pengine yote manane yamepakwa. Na kama yamepakwa, mbona wenyewe hawajarudi? Alilijua jibu kabla hajamaliza kujiuliza. Fundi mwingine yeyote angeshatukanwa siku ile ile. Lakini dereva aliyetoka kwa Papa Zakaria, pedali ikimteleza, hujilaumu mwenyewe kwanza. Husema plakete bado mpya. Husema bibi-arusi na mama-mkwe watazoeana, na hupakia abiria wake na kuendelea.

Akasugua diski kwa petroli na msasa mpaka zikawa kavu, akafuta, akasugua tena. Akapaka grisi mgongoni mwa plakete mpya, kidogo, nyembamba. Akasema bismillahi, akazifunga, akakaza bolti, akazikaza tena, akakanyaga pedali mpaka ikasimama. Kifua kilikuwa kimejaa maziwa na ovaroli limelowa mbele, na mtoto alikuwa akilia ndani ya nyumba. Alikuwa akikaza nati za gurudumu la mwisho aliposikia jina lake.

"Nyota."

Papa Zakaria alisimama nyuma yake, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Aristide alikuwa akiingia wakati huo huo na mikate yake ndani ya karatasi.

"Nani alikuambia ufungue?"

Mzee akamtazama, akaitazama spana, na Nyota akaona kitu ambacho kilimuuma kuliko hasira: uso wa baba yake ukifunguka. Tangu habari ya daraja, ulikuwa umejikunja kwa woga. Sasa amempata mkosaji, na mkosaji si yeye.

"Bon," alisema, akimgeukia Aristide. "Sasa nimejua. Mutoto anafungua kazi yangu nyuma ya mugongo yangu. Alors, frein itashika namna gani?"

Aristide hakuwa mjinga. Nyota alimwona akihesabu: juma lililopita, breki zilipokuwa zikiteleza kwa mara ya kwanza, Nyota alikuwa ndani na mtoto mchanga, na Kabondo yote ilijua. Aliinua macho akamtazama. Nyota alimtazama naye, na hajawahi kumwomba mtu kitu kwa nguvu kiasi kile bila kusema neno.

"Likambo te, Papa, hakuna tabu," Aristide alisema. "Imeisha."

"Haijaisha. Aombe pardon. Batu tatu balikufa kwa bolti moja katika hii kiwanja. Aombe pardon."

"Pardon, Aristide," Nyota alisema.

Aristide aliitazama mikate yake.

Papa Zakaria alishika usukani mwenyewe kwa jaribio, Aristide kando yake. Nyota alisimama barabarani akiwatazama wakienda mpaka kwenye kona na kurudi. Mbele ya lango, mzee alikanyaga. Gari likasimama papo hapo, vumbi jekundu likalipita na kwenda mbele yake. Alishuka akitabasamu, kana kwamba amepungua miaka kumi.

"Umeona? Hii njo frein," alimwambia Aristide. "Mukono ya mutu mumoja."

Aristide alishukuru kwa mikono miwili. Kabla ya kuondoka alipita karibu na Nyota, akampa mkate mmoja.

Nyota aliingia ndani kumnyonyesha mtoto. Khadija alikuwa akimzungusha chumbani, na Nyota alimuuliza akiwa bado amesimama: katika siku zile arobaini, aliona magari gani yakifanyiwa breki? Mama alimshangaa. "Mimi nilikuwa mulangoni kwako," alisema. "Niliona weye, na hii mutoto." Kisha akamtazama usoni zaidi, na hakuuliza kwa nini. Aligeuka akaanza kukunja nepi zilizokwisha kukunjwa. Nyota akaelewa kwamba mama anajua yanayompata baba, kwamba anajua tangu muda mrefu, na kwamba kwake hatapata kitu.

Alipotoka, mtoto mgongoni, Papa Zakaria alikuwa ameketi kwenye gogo akinywa chai. Hasira ilikuwa imekwisha. Haikuwa kawaida yake kukaa nayo. Nyota aliketi karibu naye na kalamu na kipande cha karatasi. Alikuwa ameshapiga moyo konde. Kumwambia asingeweza, lakini magari angeweza kuyafuata kimya kimya, moja moja, aseme ni ukaguzi wa bure.

"Papa, toka nilipozaa, ulifanya frein ya magari gani? Nataka tuangalie kama batu bako satisfaits na kazi."

Mzee alipenda swali hilo. Aliweka kikombe chini, akainua vidole.

"Ya kwanza, ya huyu fiston wa Wagenia."

Nyota akaandika.

"Ya pili, minibus ya Mama Émilie, ile inabeba batoto ba masomo."

Émilie alimjua, na shule yake aliijua ilipo. Aliandika jina, akalipigia mstari mara mbili. Ya pili tu, na baba amelitaja bila kusita. Kichwa kile bado kilikuwa daftari.

"Ya tatu, Peugeot ya Mahmoudi."

Kalamu ikasimama. Mahmoudi alikuwa mdogo wake Papa Zakaria. Alizikwa wakati Nyota yuko darasa la tano, na Peugeot ile iliuzwa kwa kilo, chuma chakavu.

"Aliileta mwenyewe," mzee aliendelea. "Tulikula pamoja, hapa. Amekonda kidogo. Ya ine, Land Rover ya mupadri mukubwa, ile ya kijani. Ya tano, camionnette ya Cyprien na mwenzake." Cyprien alikuwa amehamia Kinshasa kabla Nyota hajaolewa. Vidole viliendelea kuinuka, kimoja kimoja, kwa uhakika ule ule, vikafika tisa sawasawa na maboksi, na Papa Zakaria akavitazama kwa kuridhika.

Barabarani nje ya lango magari yalikuwa yakipita, na kila lililopunguza mwendo Nyota alilisikia mgongoni. Aliyaandika yote tisa, ya walio hai na ya marehemu, kwa sababu baba alikuwa akiutazama mkono wake. Kisha akamwomba ayarudie, pole pole.

Papa Zakaria aliyarudia kwa furaha, mpaka la tisa, na safari hii minibasi ya Émilie haikuwemo.